Mashahidi wa Jenerali Trauneck

Kisa hiki alikisimulia kwanza Ignaz Pölzl, rafiki wa baba yangu, mjini Linz mwaka 1824. Alikuwa mtumishi wa Jenerali Trauneck wa Austria, aliyechoma daraja mwaka 1809 kuwazuia Wafaransa huku askari wake mia tatu wangali ng'ambo ya mto. Watu walimwita mwoga. Nishani ya ushujaa pekee ingemsafishia jina, na nishani ile mtu hujiombea mwenyewe, kwa sahihi za maofisa sita walioshuhudia.

Jioni moja, vita vilipokwisha, Ignaz aliiona karatasi ya maombi bado tupu mezani.

"Mheshimiwa, hujapata mashahidi?"

"Walioniona wamebaki mtoni. Nimwombe nani, samaki? Kalete kuni."

Ghalani chini kulikuwa na giza. Ignaz akasikia viatu vikipanda ngazi juu yake, vizito, vikichuruzika maji. Alihesabu watu sita. Kisha kalamu ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

Alipopanda, ngazi zilikuwa zimelowa. Jenerali alikuwa ameketi, akiitazama karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na sahihi sita, wino haujakauka, na juu yake neno moja: "Tulimwona."

Jenerali alifariki wiki ileile. Ignaz yu hai. Wale sita waliotia sahihi aliwazika yeye mwenyewe, kando ya mto, mwaka 1809.