Utumbo wa Kaseti ya Kijogoo

Mama mdogo hakuwa mtu wa kupiga simu. Ukimtaka unamfuata kwenye cherehani yake. Ukinyamaza, naye ananyamaza. Ndiyo maana jioni ile simu ilipoita, jua likiwa limeshaanza kujificha nyuma ya mapaa, Kaseti aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Njoo na bisibisi yako." Alikuwa ananong'ona, kama mtu aliyetoka kulaza mtoto. "Mdogo wako ameanza kutembea."

"Mamdogo, unasemaje?"

"Njoo tu, mwanangu. Kabla giza halijaingia."

Mdogo wake. Mtoto wa mama mdogo, yule waliyemwita Kijogoo kwa kuwa alikuwa anaamka kabla ya nyumba nzima ili awahi kucheza gemu. Kijogoo alikuwa kaburini. Homa ilimpitia akiwa bado hajajua hata kufunga kamba za viatu vizuri.

Kaseti alitia bisibisi, pamba na chupa ya spiriti kwenye mkoba, akatoka. Njiani alijisemea maneno ambayo mtu mwenye hatia hujisemea: waya umelegea, mashine imezeeka, mama mdogo ana uchungu tu na uchungu huona mambo. Aliyasema kwa ufasaha kabisa. Miguu yake haikuyaamini.

Maana alijua alichokifanya.

Dada huyu jina la Kaseti alipewa na mtaa, kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa ananunua gemu za zamani kutoka Japani, zile kaseti za plastiki za enzi za televisheni za chogo. Alizinunua mtandaoni kwa mafungu, hazijajaribiwa, zina vumbi na majina ya watoto yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito mgongoni. Zikifika, anazifungua, anazisafisha, anafuta majina, anafuta na kumbukumbu za ndani, kisha anawauzia watu wazima ambao utoto hauwatoki. Nzuri zaidi alibaki nazo mwenyewe. Wenye ugonjwa huo wanajuana.

Kaseti aliyokuwa anaichezea Kijogoo alipewa na yeye. Gemu lilikuwa la Kijapani tupu, na mtoto hakujua kusoma hata alama moja. Lilipomtaka aandike jina la shujaa wake, alichagua alama kwa sura: moja kama ndoana, nyingine kama mtu aliyeinama, nyingine kama kiti kilichovunjika mguu. "Hilo ndilo jina langu la huko," alitangaza, na ole wako ubishe. Siku aliyoanza kuumwa alimwacha shujaa wake juu ya kadaraja kadogo, anatazama maji.

Kuanzia msiba ule, kila jioni mama mdogo alikuwa anafunika cherehani, anawasha mashine, anamtazama yule shujaa darajani. Hakucheza. Hakujua hata kucheza. Alimtazama, akamjulia hali, akazima.

Sasa, kumbukumbu ya kaseti za aina ile hulindwa na kibetri kidogo kama cha saa ya mkononi, kimelehemewa kwenye bodi ya ndani. Kibetri kikifa, kila kitu kimekwenda. Kaseti mwenyewe ndiye aliyemwonya mama mdogo. Na mama mdogo akampa kaseti kwa mikono miwili, akaiwekee kibetri kipya. "Nitunzie. Sina kingine."

Kaseti aliifungua mezani kwake, akaona bodi. Ilikuwa toleo la kwanza kabisa, lile lililotoka na kosa ambalo watengenezaji walilirekebisha baadaye. Miaka yote ameitafuta, kumbe aliigawa kwa mkono wake! Alikuwepo daktari mmoja wa meno, mkusanyaji mwenzake, aliyekuwa tayari kuibadilisha kwa mashine ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi lake. Na daktari alikuwa anasafiri kesho yake.

Kuhamisha kumbukumbu ya mtoto kabla ya kuitoa kuliwezekana. Tusimtetee. Kifaa cha kunakilia alikuwa nacho, kwenye droo, hatua chache kutoka alipoketi. Kilihitaji subira ya jioni moja tu, na yeye jioni hiyo macho yake hayakuona ila boksi lisilofunguliwa.

Basi akabadilisha utumbo. Ganda la nje, lenye mikwaruzo ya Kijogoo, likabaki. Bodi ikaenda kwa daktari. Badala yake akachukua bodi ya toleo la kawaida kutoka kwenye fungu lililofika karibuni. Ndani yake kulikuwa na kumbukumbu ya mtoto mwingine, wa huko huko Japani, aliyekuwa amefika mbali, karibu na mwisho. Akaifuta bila hata kulisoma jina. Akaandika ndoana, mtu aliyeinama, kiti kibovu. Akacheza mpaka darajani, akamsimamisha shujaa, akamwelekeza kwenye maji.

Mama mdogo alipoiwasha alilia. Akamshika Kaseti mikono, akambusu viganja. "Mungu akulinde, mwanangu."

Na yeye akaitikia amina. Kwa uso mkavu.

Mlango wa mama mdogo ulikuwa umeegeshwa. Kaseti aliinua mguu avue viatu, akasita.

Viatu vyote pale mlangoni vilikuwa vimepangwa jozi kwa jozi, vimegeuzwa, ncha zinatazama nje. Kama vinasubiri miguu ya kuondoka.

"Umeviona?" mama mdogo alinong'ona kutoka ndani. "Kila nikitoka chumbani navikuta hivyo. Kijogoo, yule yule wa kurusha kiatu kimoja juu ya kabati na kingine uvunguni! Leo ndiyo amekuwa mstaarabu?"

Alicheka kidogo. Kicheko hakikufika mbali.

Sebuleni kulikuwa na harufu. Siyo ya uozo, hapana. Harufu ya majani makavu yaliyofumwa mkeka mpya, yakanyeshewa mvua. Hapakuwa na mkeka. Mvua haikuwa imenyesha. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na televisheni ya chogo ilikuwa inatoa ule mlio wake mwembamba... ziiii... unaoingia hadi kwenye fizi.

Kaseti akatazama kioo.

Daraja lilikuwepo. Maji yalikuwepo.

Shujaa alikuwa amegeuka. Anatazama nje.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Juzi alikuwa amegeuka ubavu. Jana akapiga hatua. Leo ndiyo hivi." Mama mdogo alikuwa amekaa chini, magoti kifuani, kama msichana. "Na anaongea. Subiri."

Pedi ya kuchezea ilikuwa sakafuni, haijaguswa na mtu. Kikasha cheusi cha maneno kikafunguka sehemu ya chini ya kioo. Alama zikaanza kujiandika, moja moja, kila moja na kamlio kake.

Ti. Ti. Ti. Ti.

"Anasemaje?" mama mdogo akauliza. "Wewe si unaijua lugha yao?"

Kaseti alijua maneno ya matangazo tu: chakavu, haina boksi, haijajaribiwa. Akatoa simu, akaielekeza kamera kwenye kioo izitafsiri alama. Maneno yakacheza, yakatulia.

*Nani aliyenifuta?*



"Enhe? Anasemaje?"

Hapa ndipo angeweza kusema kweli. Mama mdogo alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa, yanaomba.

"Anasema... anakukumbuka sana, Mamdogo."

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Ni yeye."

Ti. Ti. Ti.

Kikasha kilijifuta, kikaandika upya. Kaseti aliishusha simu haraka, lakini mama mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaichukua, akaielekeza mwenyewe kama alivyoona mwenzake akifanya. Kusoma alijua vizuri. Akasoma kwa sauti, polepole.

"'Ni huyo uliyekaa naye.'"



Mlio tu. Ziiii...

"Kaseti," mama mdogo akasema. Hakugeuka. "Umeniletea mtoto wa nani?"

Akamwambia. Yote: bodi, daktari, boksi, kifaa kilichokuwa pale pale kwenye droo. Aliyasema akitazama vidole vyake, na kila sentensi ilikuwa inatafuta pa kujificha. Alisubiri kofi. Alilitamani hata.

"Nilijua siye," mama mdogo akasema. "Tangu siku ya kwanza. Wangu alikuwa anasimama akiegemea kushoto kidogo. Nikajiambia, we mama, usiwe na gubu, mwenzio kahangaika." Akarudisha simu. "Mpigie daktari. Mwanangu arudi."

Kaseti akapiga. Daktari wa meno alikuwa amesharudi safari, na sauti yake yenye furaha ikajaa chumba kizima.

"Afadhali umepiga! Ile bodi, dada yangu, ni kito! Leo mchana nimeibadilisha betri. Sasa iko safi kabisa, kama imetoka kiwandani!"

Kaseti alimtazama mama mdogo.

"Haloo? Unanisikia?"

Kaseti akakata. Betri ikitolewa namna hiyo, hakibaki kitu. Hakuhitaji kumweleza mama mdogo. Alimweleza zamani, siku ile ya kumwonya.

Mama mdogo hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alijifunga kanga kiunoni, akajisogeza mpaka uso wake ukakaribia kioo, mwanga wa bluu ukamfanya aonekane mzee.

"Basi na wewe huna mama," alimwambia yule wa ndani.

Kioo kikabadilika. Ukatokea ule ubao wa kuandikia jina, safu kwa safu za alama. Gemu lile halina njia ya kubadilisha jina katikati. Kaseti alilijua kama kiganja chake. Ndoana ikafutika. Mtu aliyeinama akafutika. Kiti kikafutika. Mshale ukaanza kutembea, hauna haraka, unachagua.

Kaseti akarukia kitufe cha kuzima.

"Usiguse!" Kwa mara ya kwanza jioni ile mama mdogo alipaza sauti. "Umefuta watoto wangapi wewe? Mwache aandike."

Mshale ukasimama. Jina likakamilika.

"Lisome."

"Mamdogo, tafadhali..."

"Nimesema lisome. Ulilifuta bila kulisoma, sasa lisome."

Akainua simu. Simu ikamwonyesha linavyotamkwa. Akalitamka, kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani.

Na nyuma ya pazia la chumbani, mtoto akaitika.

Sauti nyepesi, ya adabu. Neno moja, siyo la kwetu. Kisha nyayo ndogo, peku, zikapita juu ya saruji. Tap... tap... tap... Zikasimama nyuma ya pazia. Kitambaa kikatuna, kwenye kimo cha kiuno.

Mama mdogo alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, yote mawili kwa pamoja.

"Toka, Kaseti," alinong'ona. "Hatatoka ukiwepo."

Alitoka hata mkoba ameusahau. Alishuka ngazi akishika ukuta. Mtaani taa ndiyo kwanza zinawaka, watu wanatoka makazini, muuza vocha anabishana na mteja. Hakuna aliyemtazama, na bado aliinamisha uso.

Simu ikatetemeka. Ujumbe, kutoka kwa daktari wa meno.

*Samahani, kuna mtoto amekaa mlangoni kwangu tangu mchana. Nimemkaribisha, hataki kuingia. Anasema anamsubiri dada yake aje amrudishe kwa mama. Ni wa kwenu?*

Kaseti alisimama katikati ya njia. Watu wakamkwepa huku na huku. Angepatwa na hofu tu, angekimbia, na kukimbia kungemsaidia. Lakini aibu ilikuwa imemshika miguu.

Aliinua macho kwenye dirisha la mama mdogo. Mwanga wa bluu ulikuwa umezimika, imewashwa taa ya kawaida, na kivuli cha mwanamke kilikuwa kinakung'uta shuka, kinatandika kitanda cha mtoto.

Akaanza kutembea kuelekea kwa daktari, taratibu mno. Alikuwa anatafuta maneno. Atamwambiaje Kijogoo kwamba kitanda chake kina mtu?