Mkoromo wa Baba

Kila asubuhi kabla ya kengele, wenzake walimzunguka nyuma ya darasa. "Redio, washa!" Walimwita Redio kwa sababu msichana huyu aliiga sauti yoyote: mwalimu wa hesabu, pikipiki mbovu, mbuzi mwenye mafua. Lakini kilichowavunja mbavu zaidi ni mkoromo wa baba yake. Alikoroma, akakoroma, kisha akanyamaza kabisa. Wenzake wakaziba midomo. Ghafla akashtuka, "Khhaa!" nao wakaangua kicheko. Utamu wote ulikuwa pale kwenye kimya.

Baba alikuwa fundi cherehani. Siku hizi alisinzia mchana juu ya kitambaa, hata akashona mkono wa shati kinyume. Presha yake haikushuka licha ya dawa, na sukari nayo ilianza kupanda. Jumamosi moja Redio alimsindikiza zahanati, kwani mama alikuwa amelala baada ya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate.

Daktari alimpima mara mbili. "Fundi, dawa unameza kweli?"

"Haki ya Mungu, mama daktari, sijaruka hata siku moja."

"Basi itabidi niongeze nyingine. Lakini kwanza niambie, ukilala pumzi hukatika?"

Baba akacheka. "Mtu aliyelala atajuaje? Na mke wangu usiku yuko kazini."

Redio alihisi uso ukimwaka moto. Yeye alijua. Usiku yeye na baba walitenganishwa na pazia tu. Lakini akisema, ataulizwa mengine.

"Hukatika," alinong'ona.

"Hukatikaje, mwanangu?"

Alishindwa kueleza, akaiga. Hakuna aliyecheka. Kimya kilipofika, daktari alitazama saa yake. Baba alimtazama bintiye, kisha akainamisha macho.

"Umeiga vizuri mno," baba alisema taratibu. "Umezoea?"

"Nawachekesha wenzangu shuleni." Machozi yalimtoka. "Nisamehe, baba."

Daktari aligusa pembeni mwa shingo yake mwenyewe. "Hapa ndani, kila upande, tuna kijinyama kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuonja damu. Oksijeni ikipungua, kinapiga kelele: moyo unakimbia, mishipa inabana, sukari inamwagwa kwenye damu. Pumzi ya fundi ikikatika usiku kucha, kelele hiyo haikomi. Hata mchana mwili unabaki na hofu. Ndiyo maana dawa zinashindwa."

Baba alipelekwa hospitali kupimwa akiwa usingizini, akapewa mashine ya kumpulizia hewa puani. Wiki zilivyopita, presha ilishuka, sukari ikatulia, naye akaacha kusinzia kazini.

Jioni moja alimwita Redio karibu na cherehani. "Ulipokuwa ukisikia nimenyamaza vile, hukuogopa?"

Redio alishindwa kuinua uso. "Nilikuwa nakipima kile kimya, ili nikiige sawasawa."

Baba alikata uzi, akauweka kando.

"Una masikio mazuri, mwanangu. Siku nyingine ukisikia mtu amenyamaza hivyo, mwamshe kwanza, umwulize ana nini. Kucheka tutacheka wote, nikiwa macho."