Tangulia Wewe

Taraneh alikutana na Behrang mlangoni mwa lifti, chini ya jengo la ofisi katika barabara ya Mirdamad, asubuhi ambayo nusu ya Tehran ilikuwa na mahali pa kuwahi. Wote wawili walikuwa wameitwa kwenye usaili wa kampuni moja ya dawa, Taraneh upande wa uhasibu, kijana upande wa mitambo ya baridi. Behrang alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama, na macho yake ya upole yalimfanya Taraneh arekebishe mtandio wake bila sababu yoyote.

Lifti ikafunguka. Behrang akamwambia atangulie. Akamwambia na mama mwenye vifurushi atangulie, kisha akawapisha mabwana waliokuwa nyuma yake, mkono kifuani, hadi lifti ikajaa na mlango ukamfungia nje. Alifika juu kachelewa, jasho linamtiririka, akaanza usaili kwa kuomba radhi isiyokwisha.

Taraneh akapata kazi. Behrang akaambulia namba ya simu ya Taraneh, nayo aliiomba kwa kuzungukazunguka hata msichana akachoka, akamnyang'anya simu na kuiandika mwenyewe.

Mapenzi yakanoga. Wakawa wanapigiana kila jioni, wanataniana mpaka chaji inakata. Lakini jamani, ugonjwa wa Behrang ulikuwa palepale: taarof, zile adabu za kukataa kitu huku roho inakitaka. Tehran nzima inazo, hata Taraneh anazo, ila wenzake wanajua pa kuziacha. Behrang aliingia nazo kwenye usaili kama anayeingia ukweni. Akiulizwa kama anaweza kusimamia karakana peke yake, anasema wapo walio bora zaidi. Akiulizwa mshahara, anasema chochote watakachoona kinafaa. Hata chai aliikataa akingoja abembelezwe, na wasaili hawana muda wa kumbembeleza mtu. Kila alikokwenda alisifiwa kwa adabu, akarudi mikono mitupu.

Taraneh akaamua kumfanyisha mazoezi. Wakakaa kwenye duka la aiskrimu ya zafarani kule Tajrish, yeye kavaa koti refu la kijani, amekunja uso kama bosi.

"Kwa nini tukuajiri wewe?"

"Mimi ni mwanafunzi tu mbele yenu."

"Roho yangu, vyumba vya baridi vya hospitali nzima umevifufua wewe. Sema hivyo."

"Nitaonekana najipiga kifua."

"Jipige. Si kifua chako?"

Wakacheka, lakini moyoni Taraneh alikuwa anachemka. Baba yake, Bwana Nosrat, alishasema mtu asiye na kazi asilete posa nyumbani kwake. Na sasa mama yake alikuwa amekubali kumpokea daktari wa meno kutoka Karaj, aje na wazazi wake Alhamisi jioni.

Alimweleza Behrang kwa simu. Kijana akasema polepole, "Kama yeye ndiye bora kwako, sitaki kukuzibia njia."

Taraneh alitaka Behrang apige kelele, alie, amkataze. "Kwa hiyo unampisha mwenzako," alimwambia, "kama unayempisha kiti kwenye basi?"

Akakata simu. Ilipoita tena hakuipokea. Siku zile alikosea hesabu kazini, akamfokea mwenzake bure. Alimkasirikia Behrang, akamkasirikia mama yake aliyekuwa akinunua matunda ya wageni, na zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa kumpenda mtu asiyejua kusema nataka.

Jumatano alasiri kengele ikalia. Mama alipofungua, Behrang alikuwa amesimama na maua na boksi la vitamutamu, peke yake, bila wazazi, jambo ambalo halifanywi. Kwa mshtuko mama akasema karibu ndani, kama anavyomwambia yeyote anayegonga, akijua atakataa. Behrang akashukuru, akavua viatu, akaingia.

Bwana Nosrat hakuzima hata televisheni. Akamuuliza kama amepata kazi.

"Bado, mzee. Nimetoka kwenye usaili sasa hivi. Nimewaambia kazi ile naiweza kuliko wote waliokuwa wanangoja nje, na mshahara ninaoutaka nimeutaja. Wamesema watanipigia."

"Na wasipopiga?"

"Nitakwenda kwingine, niseme vilevile." Akayaweka maua mezani. "Lakini kesho kuna mgeni anakuja hapa, na mimi sitaki aje. Namtaka Taraneh. Nilipaswa kumwambia hivyo tangu alipopiga simu, nikaleta adabu zangu, nikamuumiza."

Bwana Nosrat akanyoosha mkono akazima televisheni. Taraneh alikuwa amesimama na sinia ya chai. Kwa desturi yao, binti akiulizwa neno kama hili huinamisha macho na kunyamaza. Huulizwa tena, hunyamaza tena, na mara ya tatu ndipo hunong'ona. Mama yake alishaanza kumkonyeza amkumbushe.

"Taraneh," baba alianza, "wewe unase—"

"Namtaka, baba."