Madirisha Yasiyo na Vichwa

Siku za likizo, Kiherehere alishinda kwenye duka la shangazi yake la kuchapa. Alifagia, akapanga karatasi, akalinda kompyuta shangazi akitoka.

Asubuhi moja shangazi alirudi dukani akakuta madirisha ya kompyuta yamelaliana kama nguo chafu. Yote hayana vichwa, yaani ile sehemu ya juu ya kuyasogezea na kuyafungia. Ukiandika, herufi hazitoki.

"Umefanya nini?"

"Mimi? Umeme ulicheza tu, shangazi."

Shangazi akawaka moto. Mtihani wa chuo cha wauguzi ulikuwa humo, ameuchapa tangu alfajiri na hajauhifadhi. Ulitakiwa saa nane mchana. Aliwatukana watu wa umeme mpaka kinyozi wa jirani akachungulia.

Fundi wa kompyuta aliyemwita alipofika, alitikisa kichwa. "Kama ni umeme, tuizime, tuiwashe."

"Na mtihani wangu?"

"Utauchapa upya, dada. Dawa nyingine sina."

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kuzimia. Kiherehere akamshika mkono.

"Usizime! Umeme haukucheza. Niliona kwenye simu namna ya kuweka programu nyingine ya kupanga madirisha. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiandika, madirisha yakapendeza. Nilipolifunga lile jeusi, yakawa hivi."

"Ulikuwa unaniacha nifute kazi ya mtu!" Fundi alifoka. "Programu uliiwashia ndani ya dirisha jeusi. Ulipolifunga, nayo ikazimika."

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Skrini nzima ikawa nyeusi, mahali pa kuandikia amri tu. Akaandika jina la programu, akaongeza alama ya kuiambia ijitegemee, kisha akarudi kwenye madirisha. Vichwa vyote vipo. Shangazi alimsukuma pembeni, akahifadhi mtihani kabla hata ya kushukuru.

Mashine ilipoanza kutoa kurasa, alimgeukia Kiherehere. Hasira ilikuwa bado usoni.

"Kutohifadhi ni kosa langu. Kugusa bila ruhusa ni lako, na wiki hii hutaigusa tena. Lakini huo uongo ndio umenichoma. Fundi anatibu anachoambiwa. Ukimwambia uongo, ataharibu kwa mikono yake mwenyewe huku wewe unamtazama. Ukikosea, sema mapema, hata kama nitafoka. Kufoka kwangu kunaisha. Sasa hesabu hizo kurasa, mwalimu wa chuo anakuja kuzichukua."