Taadhima Mara Tisa

Siku hiyo mjinga hakuwa mwingine ila Msamiati mwenyewe. Hata leo ukimuuliza hakatai. Atacheka kwanza, kisha atakusimulia.

Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita. Watoto wengine waliokota vifuniko vya chupa, yeye aliokota maneno: redioni, kwenye matangazo ya ukutani, hata kwenye karatasi za dawa. Wiki hiyo alikuwa ameokota "taadhima". Kamusi ilimwambia ni heshima kubwa, akaona haijamaliza kusema. Kubwa kiasi gani? Na anayeipima ni nani?

Alhamisi jioni alimfuata mama yake aliyekuwa akipiga pasi.

"Mama, heshima na taadhima vina tofauti gani?"

"Heshima unampa kila mtu, hata mtoto mdogo," mama alijibu huku akinyoosha kola ya shati. "Taadhima ni pale unapomwona mtu ana uzito mbele yako. Hilo neno sokoni hulisikii. Utalikuta kwenye hotuba au kwenye barua ya maombi. Hebu sogea, usije ukaungua."

"Kwa hiyo barua ya maombi niitie taadhima?"

"Itie tu."

Tatizo ni kwamba mama hakusema mara ngapi.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani, akatazama nyuma, akashusha pumzi. Madawati matano yalikuwa yamevunjika, na wanafunzi kumi walikuwa wakikaa sakafuni. Mmoja wao aliitwa Goti, kwa sababu goti lake ndilo lililokuwa meza yake. Katika jaribio lililopita kalamu ilimtobolea karatasi, akapoteza swali zima.

"Mtihani ni Jumatatu," mwalimu alisema. "Mbao zipo stoo. Yule fundi seremala wa hapo kona alisoma shule hii hii. Akiombwa vizuri, kesho Jumamosi anaweza kuja. Katibu wa darasa, mwandikie barua, umpelekee leo."

Katibu wa darasa alikuwa Msamiati. Neno "vizuri" lilimwingia masikioni likakaa. Wakati wa mapumziko hakucheza. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akajaza na wa pili.

Saa za masomo zilipokwisha, alikwenda na Goti mpaka kwenye karakana. Fundi alikuwa ameinama juu ya kiti kilichopinduliwa, brashi mkononi, gundi mbichi iking'aa kwenye mashimo ya miguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wajukuu. Semeni upesi, gundi hii hainisubiri."

"Fundi, barua yenyewe haisomwi upesi," Msamiati alisema, akakohoa kidogo kama mgeni rasmi. "Kwako fundi mheshimiwa, mtukufu, mwenye mikono iliyobarikiwa. Kwa heshima na taadhima, tena kwa unyenyekevu usio kifani, na kwa mara nyingine kwa taadhima..."

Fundi alivua kofia. Akasimama wima na brashi yake, akasikiliza. Goti alihesabu taadhima kwa vidole. Mkono wa kwanza ukajaa, akahamia wa pili. Kwenye kiti, gundi iliacha kung'aa.

Barua ilipokwisha, fundi alivaa kofia yake.

"Ahsante sana, mjukuu wangu. Tangu nizaliwe sijasomewa hivyo. Sasa, mnataka nini?"

Msamiati aligeuza karatasi. Akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Wee!" Goti aling'aka. "Hujaandika madawati?"

"Nilikuwa nafika huko..."

"Umefika kwenye sahihi!"

Fundi alijaribu kuchomeka mguu wa kiti. Ukagoma. Gundi ilikuwa imekauka. "Kiti hiki nilitaka kukimaliza leo ili kesho niwe na nafasi," alisema taratibu. "Sasa lazima nikikwangue chote, nianze upya. Kama mna kazi ya kesho, siwezi kuahidi."

Msamiati alitamani ardhi ipasuke chini ya miguu yake. Wanafunzi kumi wangefanyia mtihani magotini kwa sababu yake! Alikunja barua akaitia mfukoni.

"Nipe msasa, fundi. Nitakwangua mimi."

Walikwangua wote wawili mpaka vidole vikawaka. Fundi alipopaka gundi upya, Msamiati alirudi mlangoni, akachukua kipande cha karatasi, akaandika. Alimaliza haraka, lakini hakukitoa. Alikaa kimya mpaka mguu wa nne ulipoingia na kamba ya kubania ikakazwa. Hapo ndipo alipomkabidhi fundi kile kipande kwa mikono miwili.

Fundi alisoma: "Kwa heshima na taadhima, tunakuomba utusaidie kutengeneza madawati matano kesho, kwa sababu Jumatatu tuna mtihani. Matatu yamevunjika miguu, mawili yameng'oka mbao za juu. Mbao zipo shuleni. Sisi tutashika na kufagia."

"Saa mbili asubuhi," fundi alisema. "Na huyo Goti aje na nguvu zake."

Jumamosi adhuhuri madawati matano yalisimama imara, na Goti alilijaribu lake kwa kulilalia kifudifudi. Msamiati, na fagio lake mkononi, bado alikuwa na swali.

"Fundi, barua ya pili nilitia taadhima moja tu. Haikupungua?"

"Mimi naona ungeitoa hata hiyo moja," Goti alidakia.

"Barua kavu kama hiyo nani angeisoma?"

"Angalau ingekuwa na madawati!"

"Nyamazeni, nyote wawili," fundi alisema akifuta jasho. "Siku ya jana ulinitajia taadhima mara tisa, nikaharibikiwa na kazi. Baadaye ukakaa mlangoni kimya mpaka nimalize, na ulichotaka ukakisema waziwazi. Mtu unayemwona ana uzito, muda wake na kazi yake navyo vina uzito. Nilipokuona umekaa pale ukinisubiri nilijua umenipa taadhima, kabla hata sijasoma."

"Lakini neno lenyewe si zuri, fundi?" Msamiati hakukubali kushindwa.

"Zuri sana," fundi alijibu. "Ndiyo maana moja linatosha."