Fausta na Jibu la "Sí"

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fausta alipeleka mchicha kwenye zahanati ya masista karibu na mto Lumemo. Hapo alimkuta Sista Pilar, muuguzi aliyefika kutoka Hispania mwaka huo, 1996, bila kujua Kiswahili zaidi ya "asante". Sista alimsemesha kwa Kihispania, akionyesha vitu kwa kidole. Fausta hakuelewa, ila aliona haya kusema hivyo. Akawa anajibu tu, "Sí, sí," yaani ndiyo, ndiyo.

Shuleni alijigamba. "Kihispania nakiongea kama maji," aliwaambia wenzake wa darasa la sita. Rafiki yake Rabia alipoomba kufundishwa, Fausta alimjibu, "Wewe hutakiweza."

Masika yakaingia. Mama yake alikuwa ng'ambo ya mto akilinda mpunga, naye Fausta alibaki na bibi yake, Domitila, na mdogo wake, Hilari. Mchana mmoja Hilari alichemka homa, kisha akashikwa na degedege. Bibi alimfunga mgongoni, wakakimbia kwenye matope hadi zahanati.

Mganga wa zahanati, Nazari, alikuwa amempeleka mgonjwa mwingine mjini. Sista Pilar alikuwa peke yake. Alishika kichupa cha kwinini, akauliza upesi, "¿Ha tomado medicina?" Fausta alishika neno moja tu, *medicina*, yaani dawa.

"Mjibu, mjukuu wangu!" bibi alihimiza. "Wewe ndiye unayejua lugha yake."

"Sí," Fausta alisema.

Sista akarudisha kichupa kabatini. Alidhani mtoto amekwisha kunywa dawa nyumbani, na kwinini ikizidi huua. Hilari akakakamaa tena, macho yakageuka meupe.

"Mbona anaficha dawa?" bibi alilia. "Umemwambia nini? Mtoto anakufa!"

Fausta alipiga magoti, akang'ang'ania vazi la Sista.

"Bibi, nilidanganya! Sijui Kihispania!" Kisha akaonyesha mdomo wa Hilari, machozi yakimtiririka. "Medicina no! Hilari, no medicina!" Akajipiga kifuani. "Fausta... no! No!"

Sista alimtazama kidogo, akaelewa, akafungua kabati haraka. Safari hii aliuliza neno mojamoja, akigusa paji la uso, akiigiza kutapika. Palipomshinda, Fausta alitikisa kichwa waziwazi. Hilari alidungwa sindano, akapanguswa kwa maji. Jioni alifumbua macho, akaomba uji. Bibi akamvuta Fausta kifuani, wakalia pamoja.

Tangu siku hiyo Fausta hakujibu tena asichokielewa. Aliuliza mchicha unaitwaje, mvua inaitwaje. Alikosea, Sista akamrekebisha, naye akarudia. Alimwita na Rabia, wakajifunza pamoja.

Wakati wa mavuno, Nazari aliwakuta Fausta, Rabia na Sista Pilar barazani wakisimuliana kwa Kihispania na kucheka.

"Shikamoo, mganga," Fausta alisema.

"Marahaba. Umejifunzaje upesi namna hii?"

"Nisipoelewa, nasema sielewi."

Nazari aliwageukia watoto wote wawili. "Basi shikeni hilo hata darasani," alisema. "Anayejifanya anajua, hakuna wa kumfundisha. Na siku maisha ya mtu yatakapomtegemea, uongo wake hautamsaidia yeyote. Kutojua si aibu, wanangu. Aibu ni kuficha kwamba hujui."