Kilomita Arobaini na Mbili Bila Kutanguliza

Kengele ya kiwanda cha mashati ililia saa moja asubuhi. Cherehani arobaini zikaanza kunguruma kwa pamoja. Dada mmoja aitwaye Fundi akainamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kushona mikono ya mashati, mikono mia tatu kwa siku. Ilipofika saa tano, alikuwa ameshamaliza mia mbili.

"Gunia, punguza moto!" mkata vitambaa akamtania akipita. "Utaanguka tena!"

Wenzake wakacheka. Fundi hakucheka.

Jina hilo alilipata mwaka jana. Aliingia mbio za marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushee kwenye lami. Kilomita ya thelathini na moja alianguka kifudifudi. Watu wa huduma ya kwanza wakambeba, miguu ikining'inia. Siku aliporudi kazini, msimamizi alisema mbele ya wote, "Huyu alibebwa kama gunia." Jina likaganda.

Mwaka huu alijiandikisha tena. Alitaka jambo moja tu: afike mwisho kwa miguu yake, kabla ya saa sita mchana. Saa sita barabara hufunguliwa kwa magari. Asiyefika hupakiwa kwenye basi.

Mama yake hakutaka kusikia habari hiyo.

"Mwaka jana nilikukuta hospitali na dripu mkononi," alisema huku akikunja nguo. "Unataka mwaka huu nikukute wapi?"

"Safari hii nitajikaza zaidi, mama."

"Kujikaza ndiko kulikokuangusha," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Shangazi Posta, jirani yao. Alisambaza barua kwa miguu kwa miaka ishirini na miwili. Mbio ndefu alizikimbia mara tisa. Alikuja kurudisha pasi, lakini sasa akavuta kigoda akaketi.

"Hebu nieleze ulivyokimbia."

"Kilomita kumi za mwanzo nilizimaliza kwa saa moja. Nilitanguliza, shangazi."

"Ulifanya nini?"

Fundi akaeleza. Kiwandani, kutanguliza ni kushona kazi nyingi asubuhi, ili mchana mtu ajikokote.

Msimamizi huliita neno hilo uvivu. Si kweli. Mafundi wanakumbuka, hata kama mwenye kiwanda amesahau. Lilizaliwa mwaka ule madirisha ya nyuma yalipozibwa kwa matofali ili ipatikane stoo. Tangu siku hiyo, ukumbi ule mchana ni tanuri. Mafundi waliomba feni, wakaambiwa wajikaze. Waliomba dakika kumi za kunywa maji, wakaambiwa warudi kwenye cherehani. Basi wakajifunza kuukimbia mchana.

Shangazi Posta alitikisa kichwa.

"Hiyo ni akili ya kukwepa tanuri. Barabarani haikufai. Mwili una akiba ya nguvu ndani ya misuli. Ukienda kasi mwanzoni, unaichoma yote mapema. Ikiisha, miguu inakuwa mawe."

"Sasa nifanyeje?"

"Kilomita ya kwanza ikimbie kama ya ishirini. Wewe chukua dakika nane kwa kila kilomita, tangu mwanzo. Utajiona kama unasindikiza bibi harusi. Watu watakupita. Waache wapite! Kipimo chako ni mdomo. Ukikimbia, uweze kusema sentensi nzima. Ukishindwa, punguza."

"Na maji?"

"Kunywa kidogo kidogo ukisikia kiu. Usijijaze kama pipa, maji kupita kiasi nayo yanadhuru. Kwenye meza za maji, tembea kidogo. Kula ndizi kabla njaa haijakushika."

"Na akisikia kizunguzungu?" mama akauliza.

"Asimame. Kizunguzungu, maumivu ya kifua, baridi ya ghafla juani, kusahau mahali ulipo: hapo hakuna ushujaa. Unaacha, unaita msaada. Usipoacha utakufa, na wakubwa watakuja msibani kusoma risala."

Mama akaacha kukunja nguo. "Basi mfundishe," akasema.

Kwa miezi minne Fundi alifanya mazoezi. Siku tatu za wiki alikimbia mwendo mfupi. Jumapili alikimbia mwendo mrefu, akiongeza kidogo kidogo hadi kilomita thelathini. Wiki mbili za mwisho alipunguza, ili mwili upumzike.

Siku ya mbio ikafika. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, filimbi ikalia. Watu wakatoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Gunia, tutaonana jioni!" mkata vitambaa, aliyejiandikisha naye, akapiga kelele, akampita mbio.

Miguu ya Fundi ikawaka. Ikamfuata. Akatazama saa yake: kilomita ya kwanza, dakika sita na nusu. Alikuwa anatanguliza! Akajaribu kusema, "Mimi nakwenda taratibu." Pumzi ikakatika kwenye neno la pili. Akapunguza mwendo. Wazee wakampita. Mtu aliyevaa kofia ya karatasi akampita. Fundi akauma meno, akawaacha.

Saa nne kamili alifika kilomita ya thelathini. Jua lilikuwa kali. Kilomita ya thelathini na moja ikaja. Hapa ndipo alipoanguka mwaka jana. Akasema kwa sauti, "Mimi bado nipo, na najua nilipo." Sentensi ilitoka nzima. Akapita.

Kilomita ya thelathini na tatu, alimwona mtu ameketi kando ya barabara. Alikuwa mkata vitambaa. Uso ulikuwa mwekundu, macho hayatulii.

"Kaka, vipi?"

"Lete kitambaa," akajibu. "Kengele imelia, lete kitambaa."

Fundi akatazama saa. Saa nne na dakika ishirini na nne. Kila dakika aliyosimama ilikuwa inatoka kwenye mbio zake. Akasimama. Akamshika mabegani, akamlaza kwenye kivuli cha ukuta. Akamlegezea shati, akammwagia maji ya chupa yake kichwani na shingoni. Akapunga mikono na kupaza sauti: "Huduma ya kwanza! Huyu amezidiwa na joto!"

Wakaja baada ya dakika kumi. "Umemwahi, dada," mmoja wao akasema, huku akimfunika kwa taulo zenye maji baridi. "Sasa tuachie sisi."

Saa nne na dakika thelathini na nne. Zilibaki kilomita tisa na ushee.

Zifidie hizo dakika kumi, miguu ilimwambia. Zirudishe sasa hivi! Fundi akavuta pumzi, akapiga hesabu. Akienda kilomita moja kwa dakika tisa, atafika dakika chache tu kabla ya saa sita. Akienda mbio, huenda asifike kabisa. Akachagua dakika tisa.

Kilomita ya thelathini na nane, mapaja yalikuwa kama yamejazwa mchanga. Nyuma yake akasikia injini. Basi la kukusanya waliochelewa lilikuwa linajivuta kama paka anayemnyemelea panya. Dereva akafungua mlango.

"Dada, panda bwana! Viti vipo, bure kabisa!"

"Kaka, saa sita bado!"

"Mimi nakuhurumia tu!"

"Ihurumie injini yako!"

Sentensi ilikuwa nzima. Hakuwa na kizunguzungu wala baridi. Alikuwa amechoka, na kuchoka si kuugua. Akafupisha hatua, akalegeza mabega, akaendelea.

Kilomita ya arobaini. Arobaini na moja. Mbele watu walikuwa wameanza kuviringisha kamba za pembeni. Askari mmoja alikuwa anaondoa koni barabarani.

"Acha hizo koni!" mwanamke akamfokea. "Mwanangu hajapita!"

Alikuwa mama yake.

Fundi alivuka mstari saa tano na dakika hamsini na saba. Aliuvuka akiwa wima. Hakuketi, alitembea polepole huku na huku, kama alivyofundishwa, hadi moyo ukatulia. Wakati huo mkata vitambaa alikuwa hospitali, joto la mwili limeshuka, anawataja wanawe mmoja mmoja bila kukosea.

Nesi akamshika Fundi mkono, akahesabu mapigo, akamtazama machoni.

"Una kizunguzungu?"

"Sina."

"Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Unajisikiaje?"

"Nina njaa," akasema Fundi. "Njaa mbaya sana."

Mama yake akaangua kicheko kikubwa hadi askari wa koni akageuka kutazama. Akamshika mwanawe mkono, wakaenda kutafuta chakula kwa miguu.